Kutembea kwa Miguu Pwani, Kijiji Hata Kijiji

Fungueni daftari zenu. Mwalimu aliye darasani na aandike ubaoni maneno matatu: kujaa, kupwa, bamvua. Tutayahitaji.

Wako watu wapendao kusafiri kwa miguu kando ya bahari, leo walale kijiji hiki, kesho kile. Wanataka kuona pwani nzuri, wala hawataki kusongamana na watu. Je, wachague wapi? Tutwae mfano wa kisiwa cha Unguja.

Wageni wengi wa Unguja huenda kaskazini, Nungwi na Kendwa. Sababu yake ni bahari yenyewe. Huko maji yakipwa hayaendi mbali sana, basi mtu aweza kuoga saa yo yote. Upande wa mashariki na kusini sivyo. Huko maji yakipwa hukimbia mbali, karibu na mwamba, na mwenye kutaka kuoga hubaki akitazama mchanga na matope. Hununa akaenda zake. Lakini mwenye kutaka kutembea amepata barabara pana, ngumu, tena haina magari. Kile kinachomfukuza mwogaji ndicho kinachomfaa mtembezi.

Njia nzuri ni ile itokayo Paje, kupita Jambiani, hata Makunduchi. Paje pana wageni wengi siku hizi, hasa wale wanaoteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara kubwa. Anzeni hapo kwa sababu daladala za mjini zinafika, kisha ondokeni. Kutoka Paje mpaka katikati ya Jambiani ni kama kilomita 5 au 6. Jambiani ni kijiji kirefu kilichojinyosha kando ya maji, nacho kina nyumba za wageni, laleni huko. Toka Jambiani mpaka Makunduchi ni zaidi ya kilomita 10, na hapo ndipo watu wanapopungua kabisa.

Sasa tazameni ubao. Bamvua ni siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, wakati maji yanapojaa sana na kupwa sana. Huku Unguja, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi, na hujaa karibu na saa 10 jioni. Kila siku saa hiyo husogea mbele kwa dakika kama 50.

Tufanye hesabu. Mwezi mpevu ni Jumatatu, na maji yamepwa kabisa saa 4 asubuhi. Alhamisi yatapwa saa ngapi? Siku tatu, mara dakika 50, ni dakika 150, yaani saa mbili na nusu. Basi ni saa 6 na nusu mchana, jua li utosini. Mwenye akili atakwenda Jumatatu au Jumanne.

Mtu hutembea mchangani kama kilomita 3 kwa saa moja. Akianza saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, akamaliza saa mbili baadaye, amepata saa nne za kutembea, yaani kilomita 12. Safari ya Makunduchi inaenea humo, lakini haibakizi nafasi ya kukaa kitako. Akichelewa, maji yatamkuta njiani, na mahali penye majabali hapana pa kupita. Hesabu hii ni ya kukisia tu. Jioni ya kuamkia safari, waulizeni wavuvi. Nao watawaambia pia ni wapi pa kupandia nchi kavu.

Vaeni viatu hata majini, maana kuna wanyama wenye miiba. Chukueni maji ya kunywa ya kutosha.

Mtakapopita Paje na Jambiani maji yakiwa yamepwa, mtaona vijiti vimesimama safu kwa safu, na kamba zimefungwa. Hilo ni shamba la mwani. Kilimo hicho cha biashara kilianza huku mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Kazi yenyewe ni kuinama majini, na ile aina ya mwani yenye bei kubwa hufa maji yakipata joto. Mgeni akikanyaga kamba kwa ajili ya picha, amekanyaga ada ya shule ya mtoto. Zungukeni. Salimieni kwanza, na picha muombe. Mkiingia kijijini jisitirini. Nguo za kuogea ziachwe ufukoni.

Na miezi je? Masika, toka Machi hata Mei, mvua ni nyingi. Julai na Agosti wageni hujaa. Juni ni mwezi mzuri: upepo wa kusi umeleta ubaridi, na nyumba za wageni bado zina nafasi. Julai kuna Mwaka Kogwa huko Makunduchi, na umati wa watu hukusanyika. Asemaye anakimbia watu asiende siku hizo, ingawa mimi ningekwenda.

Kazi ya nyumbani: tafuteni katika kalenda mwezi mpevu ujao utakuwa siku gani. Andikeni sentensi tatu: maji yatapwa kabisa saa ngapi siku hiyo, mtaondoka Jambiani saa ngapi, na mtafika Makunduchi saa ngapi.