Mvua Isiyokuwa Mvua: Msemo Mmoja wa Kiingereza na Tafsiri Yake

Miongoni mwa misemo ya Kiingereza inayoweza kumpotosha mfasiri umo huu: "It never rains but it pours". Wamarekani huupenda zaidi kwa umbo la "When it rains, it pours". Maana yake ya kawaida ni kwamba misiba haiji mmoja mmoja, bali hufuatana.

Kosa la kwanza hutokana na kijineno "but". Mfasiri aliyezoea kukifasiri kuwa "lakini" ataandika "hainyeshi kamwe lakini inamiminika", maneno yasiyomwelea Mswahili yeyote. Hapa kijineno hicho kina maana yake ya kale, yaani "pasipo": hainyeshi pasipo kumiminika.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, kwa kuwa halionekani. Tuseme ofisa wa wilaya amepokea taarifa ya Kiingereza isemayo kuwa mahindi yamekauka, pampu ya kisima imeharibika, na sasa viwavijeshi wameingia mashambani. Kisha mwandishi akamalizia kwa msemo huo. Ofisa akiufasiri neno kwa neno, wakubwa wake watasoma kwamba mvua imenyesha, tena kwa wingi. Sarufi haina kasoro, ila habari imegeuka, na chakula cha msaada huenda kikapelekwa kwingine. Kwa mkulima wa Dodoma, ambaye hungojea msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, mvua kumiminika ni jambo aliombalo Mungu.

Huenda msomaji akatuuliza: je, sisi hatusemi "mvua ya risasi", "mvua ya matusi", na hata, katika lugha ya mitaani, "amefungwa mvua tano"? Twasema. Lakini katika misemo hiyo neno linaloandamana na mvua ndilo limwongozalo msikilizaji. Mvua ikiachwa peke yake hubaki kuwa neema.

Wala tusidhani kuwa Waingereza wenyewe huutumia kwa misiba tu. Mwaka 1726 kilichapishwa kijitabu cha dhihaka kilichoitwa "It cannot rain but it pours", nacho kilihusu vioja vilivyofuatana kuingia London. Mwaka 1914 kampuni ya Morton Salt ya Marekani iliufanya msemo huu tangazo la biashara: chumvi ya mezani, ambayo zamani iliganda hewa ikiwa na unyevu, sasa ingemiminika hata mvua ikinyesha. Mfasiri ambaye angetia misiba katika tangazo hilo angemharibia muuza chumvi soko lake!

Kwa hiyo twapendekeza mfasiri atazame kwanza ni mambo gani yanayofuatana. Yakiwa mabaya, katika taarifa rasmi "msiba juu ya msiba" hutosha. Na habari ikiwa ya mtu mmoja, "ameandamwa na mikosi" ni Kiswahili safi zaidi. Yakiwa mema, aandike "neema juu ya neema". Methali ya kuruka mkojo na kukanyaga mavi, ambayo huenda wengine wakaifikiria, haifai, hata tukisahau kwamba si ya kuandikwa katika barua za serikali. Hiyo yahusu mtu aliyekimbia dogo akaangukia kubwa, ilhali huyu wetu hakukimbia lolote. Alikuwa amekaa kitako, mikosi ikamfuata.