Rimoti Nyingi Katika Nyumba Moja

Msikilizaji wa redio akaaye kwenye vilima vya Kyerwa, ambako Tanzania hupakana na Uganda na Rwanda, hatashangaa kusikia vituo viwili vikigombea nafasi moja. Je, rimoti zitumiazo mawimbi ya redio, ya lango, ya taa na ya king'ora, hazigombani vivyo hivyo?

Nyingi hutumia masafa yaleyale, megahezi 433.92. Kinachozitenganisha ni namba ya siri iliyomo katika kila amri. Kipokezi kisichoitambua namba hiyo hunyamaza. Rimoti za kizamani zina vijiswichi vinane, kila kimoja juu au chini, yaani namba 256 tu. Mwenye nyumba pale Kayanga akiviacha vyote kama vilivyotoka kiwandani, asistaajabu lango la jirani likifunguka.

Hata hivyo, namba haizuii amri mbili kugongana zikitumwa kwa pamoja. Kwa bahati njema, kila amri huchukua sehemu ndogo ya sekunde, tena hurudiwa mara kadhaa, hivyo moja hupenya. Adui wa kweli ni kitufe kilichokwama: rimoti iliyobanwa chini ya godoro hutangaza bila kukoma, na nyingine zote huonekana zimekufa. Kabla ya kumlipa fundi, toa betri za rimoti moja baada ya nyingine, huku ukijaribu zilizosalia. Kipokezi nacho kiwekwe mbali na inveta ya umeme wa jua, maana nayo hutoa makelele ya redio.