Dalali, wakala na neno ‘pekee’ katika mkataba wa kuuza nyumba

Mama hakukataa kutia sahihi. Alisema tu asomewe kwanza kwa Kiswahili.

Tulikuwa tumeketi sebuleni, Nakuru: mama, dadangu, mimi na kijana wa kampuni moja ya kuuza nyumba. Mahakama ilikuwa imethibitisha urithi, nyumba ya marehemu baba imeandikishwa kwa jina la mama, nasi sote tumekubali iuzwe. Kijana aliweka mezani mkataba wa kurasa nne, wote kwa Kiingereza. “Si mwalimu yuko, atakusomea tu, mama. Hii ni fomu ya kawaida.” Kwa kuwa nimefundisha tafsiri kwa miaka mingi, nilidhani ni kazi ya dakika 10. Ilinichukua saa mbili, na makala haya ni zao la saa hizo.

Nianze na jina la mwenye kazi. Mitaani tunamwita dalali, broka au ajenti; kwenye karatasi hujiita wakala. Maneno haya aghalabu huchukuliwa kuwa visawe, ilhali asili yake yatofautiana. ‘Dalali’ limetoka Kiarabu, na shina lake ndilo la ‘dalili’. Dalali ni mwonyeshaji: humwonyesha mnunuzi mali, humwonyesha muuzaji mnunuzi. ‘Wakala’ ni ndugu wa ‘wakili’: ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenzake alisimamie kwa niaba yake. Hapa Kenya ‘dalali’ limechafuka kwa kuwa ndilo pia jina la mpiga mnada anayekuja na lori mkopo usipolipwa. Kisheria kazi hizo ni mbili. Wapiga mnada wana sheria yao ya 1996, nao wauzaji nyumba wako chini ya Sura ya 533, inayowataka wasajiliwe na bodi yao. (Namba ya usajili iulizwe kabla ya chai kuandaliwa, na ithibitishwe kwa bodi yenyewe.)

Sina neno na anayejiita wakala. Neno ninalo na mkataba uliomwita mtu wakala kwenye kichwa, kisha ukamlipa kama dalali ndani.

Kifungu cha malipo kilisema ada itadaiwa mara tu ‘atakapoletwa’ mnunuzi aliye tayari, anayetaka na anayeweza kununua. Tazama kitenzi hicho, msomaji. Kuletwa si kununua. Mnunuzi aweza kuletwa leo, aipende nyumba, kisha abadilishe nia wiki mbili baadaye. Au sisi wenyewe tughairi. Kwa mujibu wa maneno yale, kazi ya kuonyesha imekwisha, ada ilipwe. Na hata makubaliano ya mauzo yakitiwa sahihi, muuzaji kwa kawaida hupata asilimia 10 ya bei kwanza, salio likisubiri siku ya kukamilisha, ambayo mara nyingi ni baada ya siku 90. Katika siku hizo mengi huharibika. Tuliomba kitenzi kibadilishwe: ada ilipwe mauzo ‘yatakapokamilika’ na salio likiwa limefika kwa wakili wetu. Malipo ya kwanza nayo yapitie kwa mawakili, yasipitie kwa ajenti. Kijana akasema kampuni haiwezi. Akatoka nje kupiga simu. Ikaweza.

Kilichonitoa jasho ni neno ‘pekee’. Katika Kiingereza cha biashara hii kuna mipango miwili inayofanana kama pacha. Wa kwanza humfanya ajenti kuwa wakala pekee: huruhusiwi kuweka ajenti mwingine, lakini ukimpata mnunuzi wewe mwenyewe, hulipi ada. Wa pili humpa ajenti haki pekee ya kuuza: yeyote atakayenunua, hata binamu yako uliyemtafuta mwenyewe, ada ni lazima. Mimi nilisoma ‘pekee’ na kuendelea mbele, mtaalamu mzima. Mama akanikatiza: “Hebu rudi hapo. Jirani akinunua, huyu kijana tunamlipa ya nini?”

Jirani wetu alikuwa ameulizia nyumba ile kwa miaka miwili, ili bintiye aishi karibu. Nilirudi nyuma nikaona kuwa mkataba wetu ulikuwa wa aina ya pili. Kisarufi, swali la mama ni rahisi: ‘pekee’ inavumisha nomino gani? Ikivumisha ‘wakala’, anayefungiwa mlango ni ajenti mwingine. Ikivumisha ‘haki ya kuuza’, anayefungiwa mlango ni mwenye nyumba. Nyumba ilitarajiwa kuuzwa 9,000,000, na ada iliyoandikwa ilikuwa asilimia 5. Silabi tatu hizo, jirani akinunua, zingetugharimu 450,000.

Lakini hapo ndipo tulipotambua kuwa tuna kitu cha kuuzia pia. Ajenti huogopa kutangaza nyumba, kupeleka watu kuiona, halafu broka wa kona amnyang’anye mnunuzi. Upekee una thamani kwake. Kwa hivyo hatukumwomba atupunguzie kwa huruma, tulibadilishana. Atakuwa wakala pekee kwa miezi 3, badala ya 6 inayojirefusha yenyewe, na ada itakuwa asilimia 3. Jirani aliorodheshwa kwa jina kama mtu asiyetozewa ada. Mkataba ukiisha, ajenti atatupa orodha ya watu aliowaleta, na ni hao tu watakaomfanya adai chochote wakinunua baadaye.

Hata asilimia ina mtego wa lugha. Asilimia 3 ya bei ipi, iliyotangazwa au iliyopatikana? Kabla ya ushuru au pamoja nao? Katika 9,000,000, asilimia 3 ni 270,000. VAT ya asilimia 16 juu yake ni 43,200 nyingine. Maneno ‘pamoja na VAT’ yalitupa ubishi mrefu kuliko yote, na tulishinda nusu: tulikubali kuulipa ushuru, kwa sharti kuwa gharama za picha na matangazo ni zake.

Broka mmoja wa mtaani alikuwa ameshatupa njia ya mkato. “Nyinyi mwataka ngapi mkononi?” Yaani taja chako, kitakachozidi ni changu. Neno ‘mkononi’ ni tamu kwa kuwa linaficha bei. Ukitaja milioni 8 na mnunuzi akatoa milioni 9.5, hutajua kamwe, na aliyepaswa kukutetea ana sababu ya kukuficha. Ukitaka kumtia mtu moyo wa kupandisha bei, ni heri kumwongezea asilimia juu ya kiwango fulani, kila kitu kikiwa wazi.

Kingine ni kauli ya kutendea, niliyoifundisha tangu ujana bila kuiona ikiuma. “Niuzie nyumba hii.” Mnunuzi akiniambia, ana maana nyumba iwe yake. Nikimwambia ajenti, nina maana aiuze kwa niaba yangu. Sentensi ni ileile. Ajenti anayejinunulia kwa jina la shemeji yake anaishi katika utata huo, nasi tuliandika wazi kuwa yeye, jamaa zake na washirika wake hawatanunua bila kutufahamisha kwa maandishi.

Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza, nami nilitaka nakala zote mbili ziwe na nguvu sawa. Wakili wetu alitikisa kichwa: zikigongana, hakimu afuate ipi? Tulikubaliana Kiingereza kitawale, tafsiri yangu iambatishwe, na mama atie sahihi zote mbili.

Jirani hakununua hatimaye. Kijana ndiye aliyemleta mnunuzi, katika mwezi wa tatu, na tukamlipa siku ileile salio lilipofika. Juzi alinipigia simu. Kampuni ingependa kutumia tafsiri ile kwa wateja wengine. Nimewatajia bei. Wanasema iko juu.