Mstari wa chini wa hundi: namba zinazosomwa na mashine

Chukua hundi yoyote, iwe ya chama cha msingi, ya halmashauri au ya mnunuzi wa kahawa, uitazame sehemu ya chini kabisa. Utaona mstari wa namba zenye umbo la ajabu, nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, na katikati yake alama ndogo za vipande vipande ambazo si herufi wala namba. Wengi wetu huupita mstari huo haraka, macho yakitafuta kiasi cha pesa na saini. Kwa benki, huo ndio anwani ya pesa yako. Ukiharibika, hundi halali kabisa inaweza kucheleweshwa au kurudishwa.

Na huku kwetu hundi kurudi si jambo dogo. Chama cha msingi cha Kamuli kikisubiri fedha, mkulima aliyepeleka maganda yake ghalani naye anasubiri. Ada ya shule haisubiri. Hapo ndipo mwenye pesa mkononi anapopita nyumba kwa nyumba akitafuta wa kumuuzia butura, kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei anayopanga yeye.

Tuanze na namba zenyewe. Mwandiko wake unaitwa E-13B, na ulizaliwa Marekani miaka ya 1950. Makarani wa benki walikuwa wamezidiwa na marundo ya hundi, na Bank of America ikaiendea taasisi ya utafiti ya Stanford ili ipatikane mashine ya kuwasaidia. Mwandiko huu una alama 14 tu: namba 10, kuanzia 0 hadi 9, na ishara 4 zinazoonyesha kila sehemu inapoanza na kuishia. Kwa kawaida mstari hubeba namba ya hundi, namba ya benki na tawi lake, na namba ya akaunti itakayotolewa pesa.

Siri iko kwenye wino. Umechanganywa na chembe za chuma. Hundi inapopita kwenye mashine, wino unatiwa usumaku kwanza, kisha kifaa kingine kinapima nguvu ya usumaku huo kadiri karatasi inavyosogea. Kila namba imechorwa ili itoe wimbi lake peke yake: wimbi la 2 halifanani na la 5, wala la 8 na la 3. Sisi watu wa redio tunalielewa jambo hili kwa urahisi, maana mashine haitazami namba hizo, ni kama inazisikiliza.

Kwa sababu hiyo, uchapaji wake hauna mchezo. Namba hukaa 8 katika kila inchi moja, ndani ya ukanda wa chini wenye upana wa milimita 16 hivi, na ukanda huo hautakiwi kuwa na wino mwingine wa sumaku. Wino ukiwa hafifu, mashine haisikii. Ukisambaa nje ya mstari, inasikia wimbi lisilo la namba yoyote. Ndiyo maana mchapaji makini haishii kuchapa. Karatasi hupitishwa tena kwenye kisomaji, na kilichosomwa kinalinganishwa na orodha iliyotoka benki. Namba ikirudiwa mara mbili, ikirukwa, au akaunti ikitofautiana kwa tarakimu moja, karatasi hiyo inatolewa kabla kitabu hakijafungwa.

Mabenki mengi duniani huongeza kinga nyingine ndani ya namba zenyewe: tarakimu ya ukaguzi. Tuchukue mfano wetu wa kubuni, namba 427. Zidisha 4 kwa 3, upate 12. 2 kwa 7, upate 14. 7 kwa 1, upate 7. Jumla ni 33. Ili ifike 40 inahitaji 7, basi namba inaandikwa 4277. Karani akikosea akaandika 2477, hesabu ile ile inatoa 48, ambayo haigawanyiki kwa 10, na mashine inakataa pale pale. Kubadilishana kwa tarakimu mbili ni kosa la kila siku kwa mtu anayenakili namba ndefu, na hesabu hii ndogo hukamata sehemu kubwa ya makosa hayo.

Je, mstari huo unazuia wizi? Kwa kiasi. Hundi bandia iliyotolewa kwenye printa ya kawaida haina sumaku, kwa hiyo mashine haisikii kitu. Lakini wino wa sumaku unauzwa madukani, na tapeli mwenye mtaji atautafuta. Zaidi ya hapo, mstari unasema pesa zitoke akaunti gani. Hausemi kama saini ni ya kweli wala kama pesa zipo. Saini bado hulinganishwa na ile iliyowekwa benki, na kiasi cha tarakimu lazima kifanane na kile cha maneno.

Tangu mwaka 2015, Benki Kuu ya Tanzania ilipoanzisha mfumo mpya wa kubadilishana hundi, kinachosafiri kati ya benki na benki ni picha ya hundi pamoja na namba zilizosomwa. Karatasi yenyewe inabaki pale ulipoiwasilisha. Zamani muhuri uliopigwa juu ya mstari haukuwa na shida kubwa, kwa kuwa wino wa muhuri hauna sumaku. Sasa unaichafua picha, na picha ndiyo inayotazamwa na benki ya upande wa pili. Kwa malipo makubwa, Benki Kuu iliweka kikomo cha shilingi milioni 10 kwa hundi za benki moja kwenda nyingine. Yanayozidi hapo hupitia mfumo wa TISS, unaofanya kazi tangu 2004, ambao hauna karatasi kabisa. Hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam na hatifungani za serikali nazo siku hizi zimo katika daftari la kielektroniki.

Kwa mweka hazina anayebeba hundi kutoka Kamuli kwenda benki kwa bodaboda wakati wa mvua: itie ndani ya daftari gumu, kisha kwenye mfuko wa nailoni. Isikunjwe kwenye ule mstari, isitobolewe kwa pini, na muhuri wa chama ukae juu, mbali na ukanda wa chini. Ikirudishwa, omba sababu kwa maandishi. Kama tatizo ni namba kutosomeka, mwenye akaunti anaweza kuandika hundi nyingine. Kama akaunti haina fedha, hilo ni jambo lingine, na wanachama waelezwe siku hiyo hiyo.