Daila za Modemu: Ufafanuzi wa Matumizi Halali na Matumizi Hasidi kwa Kigezo cha Ridhaa

1.0 Utangulizi

Daila ni programu ya kompyuta inayoiamuru modemu kupiga namba ya simu. Fasili hii ni fupi, lakini jambo linalofasiliwa lilizua mgogoro mrefu. Tangu miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000, programu za aina hii ziliwaunganisha watu wengi na intaneti, na wakati huohuo ziliwaachia baadhi yao ankara za simu wasizozitarajia. Maandishi mengi kuhusu usalama wa kompyuta huiweka daila katika kundi moja na virusi na programu za kijasusi, kana kwamba uovu umo ndani ya programu yenyewe. Makala hii inahoji uainishaji huo. Inajenga hoja kwamba daila halali na daila hasidi hazitofautiani kwa kazi zinazofanya, bali kwa ridhaa ya mwenye laini ya simu. Aidha, inaonesha kuwa tofauti hiyo ndiyo iliyotumiwa na mahakama na wadhibiti kuamua nani abebe gharama.

2.0 Utendaji wa Daila

Laini ya simu ya waya iliundwa ili kubeba sauti ya binadamu, ilhali kompyuta huhifadhi na kuchakata taarifa kwa biti. Modemu hugeuza biti kuwa ishara zinazoweza kupita katika laini hiyo, na modemu ya upande wa pili huzirejesha ishara hizo kuwa biti. Modemu nyingi za awali zilimhitaji mtu apige namba kwa mkono wake mwenyewe. Modemu iliyoitwa Hayes Smartmodem, iliyotolewa mwaka 1981, ilibadili hali hiyo kwa kupokea amri za maandishi kutoka kwenye kompyuta. Amri hizo huanza kwa herufi AT. Kwa mfano, ATDT ikifuatwa na namba huiamuru modemu kupiga namba hiyo kwa milio. ATH hukata simu. ATM0 huzima spika ya modemu ili milio isisikike. Watengenezaji wengine waliiga amri hizo hadi zikawa kawaida ya modemu.

Mambo mawili yanajitokeza hapa. Kwanza, modemu haiulizi namba ni ya nani wala dakika moja inagharimu kiasi gani, hutii tu. Pili, haitofautishi amri iliyotoka kwa mwenye kompyuta na iliyotoka kwa programu aliyoipakua bila kuijua vyema. Kwa maneno mengine, uwezo wa kutumia fedha za mwenye simu ulihama kutoka kwenye kidole chake na kuingia katika programu yoyote iliyoruhusiwa kuifikia modemu. Matumizi yote yanayoelezwa hapa chini, mema na mabaya, yanatokana na uhamisho huo.

3.0 Matumizi Halali

Matumizi yaliyoenea zaidi yalikuwa kuunganisha kompyuta na mtoa huduma za intaneti. Kabla ya Windows 95 kuja na daila yake, watumiaji wengi wa Windows 3.1 walitegemea Trumpet Winsock, programu iliyoandikwa na Peter Tattam wa Australia. Daila ya namna hii hupiga namba ya mtoa huduma, husubiri modemu mbili zikubaliane kuhusu kasi, kisha hutuma jina la mtumiaji na nywila. Kwa kiwango cha V.90 cha mwaka 1998, kasi ya kupokea taarifa ingeweza kufikia biti 56,000 kwa sekunde. Laini ikiwa na shughuli, daila hupiga tena bila kumchosha mtu.

Matumizi ya pili ni ya kibiashara. Mashine za kusomea kadi za malipo madukani zilipiga simu benki ili kupata idhini ya muamala, na matawi ya kampuni yalituma hesabu zao makao makuu usiku, saa ambazo simu ni nafuu.

Matumizi ya tatu ni ukaguzi wa usalama. Mkaguzi aliyepewa kibali na taasisi hutumia daila kupiga namba zote za taasisi hiyo, moja baada ya nyingine, ili kubaini modemu zilizosahauliwa ambazo mvamizi angeweza kupitia. Mbinu hiyohiyo, ikifanywa bila kibali, ndiyo iliyooneshwa katika filamu ya WarGames ya mwaka 1983, ambamo kijana anaiachia kompyuta yake ipige namba za mji mzima. Hapa tayari kigezo cha ridhaa kinajitokeza: hatua za kiufundi ni zilezile, lakini hukumu ni tofauti.

Matumizi ya nne, ambayo yako mpakani, ni malipo. Namba za malipo ya juu, kama zile zilizoanza na 0190 nchini Ujerumani, zilimwezesha mteja kulipia maudhui kupitia ankara ya simu bila kuwa na kadi ya benki. Daila ilikata muunganiko wa kawaida na kupiga namba hiyo ya gharama. Iwapo bei ilioneshwa wazi na mteja akakubali, hayo yalikuwa mauziano kama mengine.

4.0 Matumizi Hasidi

Kesi inayoonesha vizuri muundo wa ulaghai huu ilifunguliwa nchini Marekani mwaka 1997 na Tume ya Shirikisho ya Biashara dhidi ya Audiotex Connection na wenzake. Wageni wa tovuti zao waliambiwa wapakue programu maalumu ya kutazamia picha za ngono bila malipo. Programu hiyo, ikishafunguliwa, ilizima spika ya modemu, ilikata simu ya mtoa huduma wa karibu, na kupiga namba ya kimataifa yenye msimbo wa Moldova. Simu iliendelea hata mtumiaji alipoondoka katika tovuti hizo, na ilitozwa zaidi ya dola 2 kwa dakika. Kesi ilimalizika kwa makubaliano ya kuwarejeshea watu wapatao 38,000 jumla ya dola milioni 2.74.

Ikumbukwe kwamba kila hatua iliyotajwa ipo pia katika daila halali. Kuzima spika ni huduma kwa wasiopenda kelele, na kupiga simu nje ya nchi si kosa. Kilichokosekana ni taarifa. Mtumiaji alikubali kutazama picha. Hakukubali kupiga simu ya kimataifa.

Swali linalofuata ni jinsi mlaghai anavyopata fedha. Kampuni ya simu ya mpigaji hukusanya malipo kupitia ankara, hubaki na sehemu yake, na kupeleka sehemu nyingine kwa kampuni inayopokea simu. Mpokeaji naye humgawia mwenye namba. Kwa hiyo, mlaghai hahitaji kuiba nywila wala namba ya kadi. Mfumo halali wa ukusanyaji humkusanyia. Hali hii inaeleza kwa nini ulaghai huo ulikuwa mgumu kukomeshwa: kila kampuni iliyokuwa katika mnyororo huo ilikuwa na mgawo wake.

5.0 Ridhaa Mbele ya Sheria

Ujerumani ililishughulikia suala hili kwa kina. Sheria iliyoanza kutumika Agosti 2003 ilitaka kila daila ya namba za malipo ya juu isajiliwe kwa mamlaka ya udhibiti, iliweka kikomo cha euro 2 kwa dakika, na kulazimisha simu ikatwe baada ya saa moja. Baadaye mwaka huohuo daila zilihamishiwa kwenye namba zinazoanza na 09009 pekee, ili mteja aweze kuomba kundi hilo zima lizuiwe katika laini yake. Usajili uliambatana na thamani ya hashi, yaani alama ya kihisabati inayobadilika faili likibadilishwa hata kwa herufi moja. Hivyo, serikali haikuipiga marufuku daila. Iliifunga kwa masharti ya uwazi.

Hukumu ya Mahakama Kuu ya Shirikisho ya nchi hiyo ya tarehe 4 Machi 2004 ilikwenda mbali zaidi. Kijana wa miaka 16 alikuwa amepakua faili lililoahidi kuongeza kasi ya intaneti. Alilifuta, lakini mipangilio ya kompyuta ilikuwa imekwisha kubadilishwa ili ipige namba ya 0190, na ankara ya mzazi wake ikapanda mno. Mahakama iliamua kuwa mteja hawajibiki kulipa gharama hizo za ziada. Hoja yake ilikuwa kwamba kampuni ya simu inafaidika na namba hizo, hivyo ndiyo inayopaswa kubeba hatari ya matumizi yake mabaya, na kwamba mtumiaji wa kawaida hakuwa na sababu ya kushuku.

Ireland ilifuata njia nyingine. Mwaka 2004 mdhibiti wake aliagiza upigaji wa moja kwa moja kwenda nchi na maeneo 13 usitishwe. Mengi yalikuwa visiwa vya Pasifiki, lakini Komoro nayo ilikuwamo. Hatua hiyo iliwakinga wateja, lakini ilimgusa pia mtu asiyehusika: aliyetaka kuzungumza na jamaa yake Moroni alikuta njia imefungwa kwa sababu ya ulaghai asioufanya. Ulinganisho wa nchi hizi mbili unaonesha kuwa udhibiti unaolenga ridhaa huacha matumizi halali yaendelee, ilhali udhibiti unaolenga msimbo wa nchi huadhibu bila kuchagua.

6.0 Baada ya Modemu

Kuenea kwa ADSL kulipunguza tatizo, kwa kuwa muunganiko wa ADSL haupigi namba yoyote. Hata hivyo, mantiki ya ulaghai ilihamia kwenye simu za mkononi. Mwaka 2010 mchezo wa Windows Mobile ulioambukizwa ulianza kupiga simu za kimataifa kwa siri, na mwaka huohuo programu ya Android iliyojulikana kama FakePlayer ilituma ujumbe mfupi kwenda namba za malipo ya juu nchini Urusi. Kifaa kilibadilika, kilichobaki ni programu inayotumia mamlaka ya kutoza ambayo mwenye simu hakuitoa kwa kujua.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba kuiita daila programu hasidi kwa asili yake ni kukosea mahali pa kosa. Mtafiti anayeainisha programu kwa kutazama amri zake pekee atashindwa kutenganisha daila ya mtoa huduma na ile ya mlaghai, kwa sababu zote mbili husema ATDT. Uainishaji unaofaa unapaswa kuuliza maswali matatu: je, mwenye laini alijulishwa namba na bei, je, alikubali kabla ya simu kupigwa, na je, aliweza kuikata apendapo? Pale ambapo jibu la mojawapo ni hapana, mzigo wa gharama haustahili kumwangukia aliyepokea ankara.