Je, Wajua? Mlima Mmoja, Sura Mbili: Picha za Mandhari Kitale na Bungoma

Wapiga picha wengi wanaozuru Kenya hukimbilia Maasai Mara na Amboseli. Magharibi mwa nchi, kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zina mlima, mapango, maporomoko na kinamasi, vyote katika eneo moja. Haya ni mambo ambayo yeyote anayepanga ziara au warsha ya picha huko anafaa kuyajua kabla ya kufungua kamera.

Je, wajua kwamba Kitale na Bungoma hazioni sura moja ya mlima?

Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, uko magharibi mwa Kitale lakini kaskazini mwa Bungoma. Jua linapochomoza upande wa vilima vya Cherangani, huangaza moja kwa moja ubavu wa mlima unaotazama Kitale. Hiyo ndiyo saa ya kuupiga picha. Jioni jua huzama nyuma yake, na mlima hubaki umbo jeusi mbele ya anga jekundu.

Aliye Bungoma hupata mwanga wa pembeni asubuhi na jioni, na vivuli vyake hudhihirisha mabonde na matuta. Desemba na Januari jua hupita kusini, kwa hiyo humwangazia mlima akiwa amelipa mgongo hata adhuhuri. Juni jua huhamia kaskazini, likamkabili usoni. Bahati njema ni kwamba Desemba na Januari ndiyo miezi ya kiangazi.

Je, wajua kwamba adhuhuri ya Kitale si saa sita kamili?

Saa ya Kenya hufuata longitudo ya digrii 45 mashariki, ilhali Kitale iko digrii 35. Kila digrii ni dakika nne, kwa hiyo jua hufika juu kabisa angani, kwa wastani, kama dakika 40 baada ya saa sita. Jua huifikia pia Mombasa takribani dakika 19 kabla ya Kitale. Mgeni kutoka Pwani anayepanga kuamka kwa mazoea ya nyumbani atangojea gizani.

Je, wajua kwamba mwanga wa dhahabu hapa una haraka?

Karibu na ikweta jua huteremka karibu wima, digrii 15 kwa saa. Kutoka digrii sita juu ya upeo hadi kuzama ni kama dakika 24 tu, na baada ya hapo utusitusi unaofaa picha hudumu kiasi hicho hicho au pungufu. London, mwezi Juni, utusitusi huo huzidi dakika 40. Mafunzo ya Ulaya yanayomshauri mtu asubiri taratibu hayafai Trans Nzoia. Hapa kamera huwekwa kwenye stendi mapema, na fremu huchaguliwa jua lingali juu.

Je, wajua ni kwa nini Elgon hutoka mdogo pichani?

Kitako chake kina upana wa kilomita zipatazo 80, na ni miongoni mwa vitako vikubwa zaidi vya volkeno duniani. Kilele cha juu, Wagagai, kipo upande wa Uganda na kina mita 4,321. Mlima mpana namna hiyo una miteremko ya pole, na lenzi ya kutanua huusukuma mbali zaidi hadi uonekane kama kichuguu. Tumia lenzi ya kuvuta, piga picha kadhaa kutoka kushoto hadi kulia zikipishana kwa theluthi, kisha ziunganishe kwenye programu ziwe picha moja ndefu. Kazi hii ifanywe mvua ikishakatika, maana mvua huosha vumbi na moshi wa mashamba.

Je, wajua kwamba ndovu wa Elgon huchimba chumvi gizani?

Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon ilitangazwa mwaka 1968. Ndani yake pango la Kitum huingia mlimani takriban mita 200. Usiku ndovu huingia wakipapasa njia kwa mikonga, wakabandua ukuta kwa pembe na kutafuna mawe yenye chumvi. Mwanabiolojia Mwingereza Ian Redmond alianza kuwachunguza mwaka 1980.

Mlango wa Kitum ni mtihani mkali kwa kamera: nje ni mchana mweupe, ndani ni giza totoro. Pima mwanga wa nje, kisha uinue vivuli wakati wa kuhariri. Ndiyo maana faili ghafi (RAW) ni muhimu. Faili ya kawaida ya JPEG hushika ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili ghafi ya biti 14 hushika 16,384. Jambo jingine: mwaka 1980 na 1987 wageni waliokuwa wamezuru pango hili waliugua homa ya Marburg, ugonjwa unaohusishwa na popo. Fuata maelekezo ya askari wa hifadhi bila kubishana.

Je, wajua hifadhi ambayo gari haliingii?

Saiwa Swamp, karibu na Kitale, ilitangazwa mwaka 1974. Ina ukubwa wa kilomita tatu za mraba hivi, na ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Kenya. Ilitengwa kwa ajili ya nzohe, swala mwenye kwato ndefu zinazompa nafasi ya kutembea kwenye matope. Mgeni hutembea kwa miguu na kupanda majukwaa ya mbao. Nenda alfajiri, nyamaza, na uache ukungu wa kinamasi ufanye kazi yake.

Je, wajua kwamba Webuye, kaunti ya Bungoma, kuna mandhari na historia mahali pamoja?

Mto Nzoia huanguka kwenye maporomoko ya Nabuyole, na juu ya mji kuna kilima cha Chetambe, ambako Wabukusu walipigana na Waingereza mwaka 1895. Picha ya kilima hicho bila maelezo ya vita ni nusu ya picha. Andika maelezo.

Je, wajua kwamba programu haiumbi mwanga?

Picha ya kilima cha kijani iliyopamba Windows XP ilipigwa na Charles O'Rear huko California mwaka 1996, kwa filamu, na mwenyewe anasema hakuihariri. Mpiga picha Ansel Adams, aliyefundisha warsha za kila mwaka Yosemite, Marekani, kuanzia 1955, alitumia saa nyingi kwenye chumba cha giza akipunguza na kuongeza mwanga sehemu kwa sehemu. Leo programu ya Snapseed hufanya hivyo bure kwenye simu. Chombo kimebadilika, kinachohaririwa bado ni kile ulichokinasa.

Je, wajua kwamba picha zimewahi kuokoa ardhi?

Picha za Carleton Watkins za mwaka 1861 zilisaidia kulindwa kwa bonde la Yosemite mwaka 1864. Zile za William Henry Jackson zilisaidia Yellowstone kuwa hifadhi mwaka 1872.

Kabla hujaondoka

Droni huhitaji kibali chini ya kanuni za mwaka 2020, na hifadhini huhitaji idhini zaidi. Omba ruhusa kwa mwenye shamba na kwa mtu unayempiga picha. Ajiri kijana wa pale awe mwelekezi wako. Yeye ndiye ajuaye ni kutoka boma gani mlima huonekana bila nyaya za umeme.

Na ninyi vijana wa Kitale na Bungoma, msingoje wageni waje kuwapigia picha mlima wenu. Simu mnayo, na mwanga mnaujua. Pigeni, hifadhini faili za asili, andikeni tarehe na mahali. Misitu ya Elgon inahitaji mashahidi, na shahidi bora ni yule anayeuona mlima kila asubuhi.