Neno la Siku la Herrnhut

Neno la siku ni mstari wa Biblia ambao Mkristo huusoma asubuhi ili uongoze sala yake siku nzima. Madhehebu mengi yana desturi hiyo, na kimojawapo cha vitabu vikongwe vinavyoitumikia hutoka Herrnhut, mji mdogo wa mashariki mwa Ujerumani. Kitabu hicho, kiitwacho Losungen kwa Kijerumani, kimechapishwa kila mwaka tangu 1731 bila kukosa hata mara moja.

Herrnhut ilianzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa imani kutoka Moravia, eneo ambalo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Baadhi yao walikuwa wazao wa Umoja wa Ndugu, kanisa lililoundwa mwaka 1457 na wafuasi wa Jan Hus, mhubiri aliyechomwa moto mwaka 1415. Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, kabaila kijana wa Saxony, aliwapa hifadhi katika ardhi yake. Watu wa mapokeo mbalimbali walikusanyika hapo, wakagombana juu ya mafundisho, hadi ibada ya Meza ya Bwana ya tarehe 13 Agosti 1727 ilipowapatanisha.

Tarehe 3 Mei 1728, katika ibada ya jioni, Zinzendorf aliwapa wanakijiji neno fupi la kwenda nalo kesho yake. Ikawa desturi. Kijiji kilikuwa na nyumba 32, na kila asubuhi neno la siku lilipelekwa mlango kwa mlango. Aliyelipeleka aliwajulia watu hali, akarudi akijua nani mgonjwa na nani ana shida ya kuombewa. Kwa hiyo tangu mwanzo neno hilo halikuwa la mtu mmoja faraghani: waliolala nyumba tofauti waliamkia maandiko yaleyale. Kitabu kilipochapwa, watu wa Herrnhut waliotawanyika kama wamisionari waliweza kuendelea kusoma pamoja na waliobaki nyumbani.

Kila siku ina mistari miwili. Ule wa Agano la Kale huchaguliwa kwa kura. Mkusanyo wa mistari takriban 1,800, kila mmoja na namba yake, huwekwa tayari, na kila mwaka huko Herrnhut namba moja huchomolewa kwa kila siku ya mwaka unaoandaliwa. Kazi hiyo hufanywa miaka mitatu kabla, ili wafasiri na wachapaji wapate muda wa kutosha. Mstari wa Agano Jipya haupigiwi kura. Mhariri huutafuta ili uitikie ule wa kwanza, ama kwa kuukazia au kwa kuuangaza upande mwingine. Chini yake huwekwa ubeti wa wimbo au sala fupi. Kitabu huonyesha pia masomo marefu zaidi kwa anayetaka kuendelea.

Kura hiyo si ramli. Haikusudiwi kumwambia msomaji kama asafiri au aahirishe, afunge biashara au aifungue. Faida yake ni kwamba inamwondolea mtu uchaguzi. Anayejichagulia maandiko kila siku huzoea kurudi kwenye mistari inayompendeza, na sala zake huzunguka mahitaji yaleyale. Neno ambalo hakulichagua humfikia na jambo ambalo hakulitarajia: mwenye furaha hukuta maombolezo, mwenye kinyongo hukuta agizo la kusamehe. Sala basi huwa jibu la lililosemwa kwanza.

Utaratibu wa kulitumia neno la siku ni mwepesi. Mistari miwili husomwa polepole, ikiwezekana kwa sauti, kisha hufuata kimya kifupi. Msomaji hujiuliza neno linasema nini juu ya Mungu, linamtaka afanye nini, na linamkumbusha nani. Majibu hayo huzaa sehemu za sala: shukrani, toba, ombi, na dua kwa ajili ya wengine. Familia inaweza kumaliza yote kabla chai haijapoa. Mgonjwa kitandani anaweza kukaa na mstari mmoja saa nzima.

Hatari kubwa ni kuukata mstari kutoka mahali pake. Mfano mzuri ni Yeremia 29:11, mstari unaopendwa kwa ahadi yake ya matumaini. Ukisomwa peke yake, huonekana kumwahidi kila mtu mafanikio ya haraka. Ukisomwa pamoja na sura yake, unakuwa sehemu ya barua kwa Wayahudi waliohamishiwa Babeli. Mstari wa 10 unawaambia kwamba kurudi kwao kutangoja miaka sabini, na mistari ya 5 hadi 7 inawaagiza wajenge nyumba, walime bustani na kuuombea mema mji wa waliowateka. Anayesali kutokana na sura nzima huomba uvumilivu, na huuombea pia mji asioupenda. Ndiyo maana mstari wa siku hufaa kufuatwa na Biblia iliyofunguliwa.

Mchungaji Mjerumani Dietrich Bonhoeffer ni miongoni mwa waliokishika kitabu hiki katika dhiki. Alikisoma akiwa New York mwaka 1939, alipokuwa akipima kama arudi Ujerumani ya Hitler, na Julai mwaka huo akarudi. Tarehe 21 Julai 1944, siku moja baada ya jaribio la kumuua Hitler kushindwa, aliandika barua kutoka gerezani akiyataja maneno ya jana yake na ya siku ile kuwa chanzo cha furaha.

Leo kitabu hicho hutolewa katika lugha zaidi ya 50, Kiswahili kikiwamo, na husomwa na Wakristo wa madhehebu mengi. Wamisionari wa Moravian, kanisa lililotokana na Herrnhut, walifika Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania ya leo, mwaka 1891, na mwaka 1898 wakapokea kazi ya Urambo, upande wa Tabora, kutoka kwa Shirika la Misheni la London. Sasa Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, Ujerumani yenyewe ikiwamo.